Gongo la Shomari na Mtani Wake wa Urambo

Nyinyi mliobaki Dar mmenichosha. Kila ninayekutana naye ananiuliza mambo mawili. Tulishinda? Na Bi Mwajuma kapatwa na nini huko Tabora, mbona siku hizi kila Ijumaa anakaa barazani na simu sikioni anacheka mpaka majirani wanachungulia? La kwanza nalijibu hapa hapa tulimalize. Hatukushinda. Mwanza walitufunga, Dodoma walitufunga, na wenyeji wetu wa Tabora walitufunga huku wakituomba radhi. La pili linahitaji nafasi, kwa hiyo kaeni. Nitasimulia mara moja tu.

Kwa wale wasionijua, mimi ni Rukia, nina duka la dawa Upanga, na katika Klabu ya Mkono kwa Mkono mimi ndiye sajini. Kila Alhamisi tunapokutana natoza faini waliochelewa, waliosahau beji ya klabu na wanaonong'ona wakati rais anazungumza. Kazi hiyo naipenda na naiweza. Popote niendapo napanga watu, hata kama hawajaniomba.

Klabu za huduma kama yetu hukutana kila mwaka kwenye bonanza la kriketi, na mwaka huu wenyeji walikuwa Tabora. Tunacheza vibaya, tunakula vizuri, tunachangia jambo la maana. Safari hii ilikuwa vitanda vya kujifungulia kwa zahanati moja upande wa Isikizya. Bonanza hilo lilianzishwa na marehemu Mwalimu Shomari, Mzaramo wa Kisarawe, alipokuwa akifundisha Tabora, pamoja na rafiki yake Maganga, Mnyamwezi wa Urambo, mkulima wa tumbaku. Katika kriketi wapigaji huingia wawili, mmoja kila upande, na wakipata nafasi hukimbia kupishana. Mmoja huita "njoo!" na mwenzake huja mbio; vijiti vya upande anaokimbilia vikipigwa kwa mpira kabla hajafika, anatolewa mchezoni. Shomari na Maganga waliingia pamoja miaka yote, na Shomari alikuwa na ugonjwa mmoja: alikuwa anaita, kisha anaghairi, na Maganga anatolewa katikati ya uwanja peke yake.

Shomari alifariki. Bi Mwajuma, mkewe, alipomaliza eda akatuambia gongo la kriketi la mumewe atampelekea Maganga yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Siku ya kuondoka wanawe waliniita pembeni. "Anti Rukia, mama hali, halali, haongei. Tunaogopa atamfuata baba. Tunakukabidhi." Nikawaambia wamefika kwa mtu.

Dar es Salaam hadi Dodoma

Pale stesheni ya treni ya umeme mizigo yote hupitishwa kwenye mashine. Mabegi yetu yalipita bila neno. Bi Mwajuma alikuwa amelifunga gongo la Shomari kwa khanga na kulipakata. Mlinzi, kijana mpole mwenye mwanya, akamwamkia.

"Shikamoo mama. Naomba huo mzigo upite hapa."

"Marahaba. Hauendi kokote."

"Mama, ni utaratibu."

"Mume wangu kapitishwa kwenye mashine za hospitali mpaka kafa. Hili halipiti."

Foleni nyuma yetu ikaanza kunung'unika. Nikaingilia kati, nikafungua khanga, nikamwonyesha gongo. Kijana akaligeuza na kuuliza linapiga nini. Nikasema mpira. Akauliza mpira wa miguu unapigwaje na ubao. Ilibidi nisimame katikati ya ukumbi, na umri wangu huu, nipige mpira ambao haupo, huku Dokta Kirit, rais wetu ambaye ni daktari wa meno, akinirushia kwa mbali. Abiria walishangilia. Mlinzi alilichukua gongo kwa mikono miwili, akalizungusha nje ya mashine, akamrudishia mwenyewe. "Mama, ukirudi nalo nitalikumbuka," akasema.

Treni yenyewe sina la kuilaumu, inakwenda kwa kasi na viti ni safi. Nilimpa Bi Mwajuma sambusa tukipita Pugu. Tulipofika Morogoro bado alikuwa ameishika. Nikamuuliza kama yuko tayari kukutana na Maganga.

"Maganga nina neno naye," akasema. "Hakuja msibani."

Akageukia dirishani. Mimi nilijua Maganga alikuwa amelazwa hospitali wakati wa msiba, lakini mfiwa habishiwi. Nikaelewa kuwa pana ugomvi, na kazi yangu Tabora ni kuwaweka mbali hawa wawili mpaka gongo likabidhiwe kwa heshima, kwa hotuba na dakika ya kimya. Nilijiona nimelishika jambo barabara.

Dodoma hadi porini mbele ya Itigi

Kutoka Dodoma tulikwenda kwa Kosta ya kukodi. Manyoni tulikula kuku wa kuchoma ambaye, nasema bila kupepesa macho, ndiye aliyenifanya nisahau kuku wote wa mjini. Bi Mwajuma alichukua paja, akampa Dokta Kirit, ambaye hali nyama, naye akabaki amelishika kama cheti.

Tulipokwisha kupita Itigi mkanda wa feni ukakatika. Kulia vichaka, kushoto vichaka, simu hazishiki. Dereva alijaribu kufunga kamba za viatu vyetu vya kriketi, zikayeyuka. Tukakaa kandokando ya barabara mpaka akatokea mtu na baiskeli yenye madumu mawili ya asali. Akatazama injini, akatoa mpira wa tairi ya ndani kwenye mfuko wake, akakata utepe, akaufunga. Wakati anafunga akauliza tunatoka wapi.

"Pwani," nikasema.

Akamtazama Bi Mwajuma. "Na huyu mama? Mzaramo?"

"Mzaramo," Bi Mwajuma akajibu.

"Alaa! Ndiyo maana gari limegoma! Limesema hata mimi chuma nina haki zangu, Mzaramo simbebi!" Akainama, akachukua ndara moja ya Bi Mwajuma pale ilipokuwa pembeni ya mguu wake, akaitundika kwenye usukani wa baiskeli. "Naondoka nayo. Mtanifuata Tabora kwa mguu mmoja."

Yule bwana alikuwa Mnyamwezi, na si kwamba mimi sijui utani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, watu wa bara wakishuka njia hii hii na pembe za ndovu kichwani, na watu wa pwani wakiwapokea, wakiwalaghai, na wakifa wakiwazika. Hilo nililisoma shule. Lakini mzee wangu alitoka Ngazija, mimi mtani sina. Utani niujuao ni wa timu mbili za Kariakoo. Kwangu utani ni wa kijiweni, na msiba ni msiba. Nikamwendea yule bwana.

"Kaka, mama huyu kafiwa. Tafadhali."

Masikini, aliona haya. Akairudisha ndara kwa mikono miwili, akaomba radhi, na akatukatia sega la asali bila kudai chochote. Dokta Kirit aliniambia baadaye kwamba ndara ilipoondoka Bi Mwajuma alitabasamu, na iliporudi tabasamu likaondoka. Mimi sikuona. Nilikuwa kazini.

Tabora, Cheyo

Tuliingia Tabora jioni, mavazi yamejaa vumbi na midomo imejaa asali. Wenyeji waligawana wageni majumbani mwao, kama ilivyo desturi ya klabu zetu. Mimi na Bi Mwajuma tuliwekwa Cheyo, kwa Bi Saida, fundi wa nguo za harusi, ambaye uani kwake alikuwa amewatandikia wageni wote mikeka na kupika pilau ya kuita watu mtaa wa pili. Kulikuwa pia na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ambavyo huko watu hutafuna hivyo hivyo au huchemsha kwa karanga.

Nilijiweka mlangoni. Punde nikamwona anakuja mzee mrefu, suruali yake nzuri ya kanisani, mguu mmoja amefunga kinga ya kriketi, kichwani kavaa sufuria. Alikuwa anapiga mayowe tangu kona ya mtaa.

"Yuko wapi yule Mzaramo aliyenikimbia! Mleteni nimtandike!"

"Shikamoo mzee," nikasema, nikaziba mlango.

"Marahaba. Nipishe, mwanangu, nina kazi humo."

"Wewe ni Mzee Maganga?"

"Ndiye mimi."

"Mzee, mke wa marehemu yumo ndani na hana hali. Nakuomba kwa heshima zote, leo mzaha uache. Uingie umpe pole kama watu."

"Yeye ndiye kasema hivyo?"

"Mimi ndiye ninayemwangalia," nikajibu. Jibu zuri, nilidhani.

Akavua sufuria. Akafungua kinga mguuni, akaviacha vyote nje ya mlango kama mtu anayeingia msikitini, ingawa yeye ni Mmoravian. Akaingia, akampa Bi Mwajuma mkono. "Pole sana, mama. Kazi ya Mungu haina makosa."

Bi Mwajuma alimtazama kama aliyepigwa kofi. "Ahsante, baba," akasema.

Maganga alikula tonge chache, akaaga kabla ya chai, akapata lifti ya kurudi Urambo. Jioni ile nilijipongeza. Hakuna aliyegombana na hakuna aliyelia.

Asubuhi nilimkuta Bi Mwajuma amefunga begi, gongo mapajani.

"Narudi Dar," akasema. "Hili nitalilaza kaburini kwa mwenyewe."

Nikamuuliza kulikoni. Hapo ndipo alipozungumza, kwa mara ya kwanza tangu tuondoke.

"Rukia, mume wangu alizikwa kimya. Watu wamekuja, wamesoma, wamekula, wameondoka. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyejilaza kwenye jeneza akasema maiti haitoki mpaka apewe haki yake. Shomari aliyewasumbua Wanyamwezi maisha yake yote kazikwa kama mtu asiye na watani! Nikasema nitamfuata Maganga huko huko kwake, afanye kazi ambayo hakuja kuifanya. Na jana ananiita mama. Ananipa pole kama karani wa wilaya. Kama hata Maganga kaniona mgeni, basi Shomari kafa kweli."

Nikamwambia ni mimi. Nikamweleza sufuria, kinga, mlango, yote.

"Wewe?" akauliza.

"Mimi."

"Basi kamlete."

Urambo

Mume wa Bi Saida alinipa gari na dereva, na Dokta Kirit akakubali kuyasogeza makabidhiano mpaka mapumziko ya alasiri. Mechi ya kwanza, ambayo tulifungwa na Mwanza, sikuiona, na kwa niliyosimuliwa sijapoteza kitu.

Urambo kulikuwa na harufu ya tumbaku kila mahali. Maganga nilimkuta kibandani na mkewe, wanapanga majani kwa madaraja kabla ya kuyafunga marobota. Nikaamkia, nikasema nilichokuja kusema, bila kupamba. Mkewe akaangua kicheko.

"Baba, huyu ndiye aliyekuvua sufuria?"

"Ndiye." Maganga hakuinua macho kwenye majani. "Mwanangu, mtani akifukuzwa mlangoni hachukuliwi kwa gari kama mgonjwa. Aliyemfukuza anatozwa."

"Mzee, mimi ni sajini wa klabu. Faini nazijua. Taja."

Hapo akainua macho, na nikaona yanacheka. "Unatoka pwani?"

"Upanga."

"Inatosha. Babu zangu walibeba mizigo ya watu wa pwani kwa kichwa, kutoka hapa mpaka baharini. Shingo zao ziliota sugu. Mama Kulwa, lete lile kapu."

Mkewe akaleta kapu la michembe ambalo nisingelisukuma kwa mguu.

"Utalibeba kichwani," Maganga akasema, "kutoka getini mpaka katikati ya uwanja, na hilo koti lako la klabu umelivaa. Ukilidondosha tunarudi getini, tunaanza upya."

Nikasema sawa. Nilipokuwa natoka nikamsikia anamwuliza mkewe sufuria ile nyingine, kubwa, iko wapi.

Uwanjani

Kriketi ya Tabora huchezwa juu ya jamvi refu lililotandazwa katikati ya uwanja na kupigiliwa misumari pembeni. Watu wote walikuwa wamesimama kulizunguka. Bi Mwajuma alikuwa kwenye kiti, gongo mapajani, na Dokta Kirit anaanza hotuba, tulipoingia getini.

Nilikuwa mbele, kapu kichwani, shingo imeingia mabegani. Maganga nyuma yangu, sufuria kubwa kichwani na kinga miguu yote miwili, anapiga fimbo chini na kuniimbia wimbo wa wapagazi kwa Kinyamwezi. Watu wa Tabora walielewa mara moja. Akina mama wakapiga vigelegele. Wenzangu wa Dar walidhani nimerukwa na akili. Kapu lilidondoka mara moja karibu na mpaka wa uwanja, na naapa alinirudisha getini.

Tulipofika, Dokta Kirit alikuwa anasema, "Sasa tusimame kwa dakika moja ya kimya..."

"Kimya cha nini?" Maganga akafoka. "Shomari alinyamaza lini? Nani kamruhusu anyamaze?"

Akamnyang'anya Bi Mwajuma gongo. Nilimtazama mama yule. Mkono ulikuwa mdomoni.

"Nyote mashahidi!" Maganga aliinua gongo juu. "Miaka yote, mtu huyu ananiita, Maganga njoo! Nakuja mbio, nikifika katikati mwenyewe kasimama kwake, kaghairi! Nimetolewa mbele ya wake za watu! Nimetolewa mbele ya mchungaji wangu! Kila safari kaniita. Na hii moja, hii kubwa, kaondoka bila kuniita! Niko hospitali na tumbo limeshonwa, hata njoo hakusema!"

Sauti ilimkatika, na haikuwa mzaha tena, au ilikuwa vyote viwili. Kisha akang'oa misumari ya upande mmoja wa jamvi, akajilaza mwanzoni mwake na gongo kifuani, akajiviringisha ndani mpaka ikabaki sufuria na miguu tu.

"Mimi ndiye Shomari!" sauti ikatoka ndani. "Bonanza hakuna! Sitoki mpaka nikombolewe!"

Bi Mwajuma akainuka. Nilitaka kwenda kumshika mkono, na safari hii nikajizuia.

"Inuka hapo, mpagazi wee!" akapiga kelele, sauti ambayo sikujua kama anayo. "Jamvi la watu hilo! Shomari hakuwa na miguu mibaya namna hiyo!" Akamshika mguu, akavuta. Maganga akang'ang'ania.

"Nikomboe!"

"Sikukomboi ng'o! Oza humo humo!"

"Na gongo?"

"Gongo kaa nalo! Mwizi tangu babu yako!"

Alikuwa anacheka na machozi yanamwagika, kilemba kimefunguka, na hakufuta machozi wala kufunga kilemba. Alivuta mpaka wakaanguka wote wawili juu ya jamvi, wakakaa hapo wakilia kama watoto, kila mmoja akimtukana mwenziwe. Mimi nililia pia. Naona haya kwa mambo mengi ya safari ile lakini si kwa hilo. Baadaye nikamwona Bi Mwajuma ameingiza mkono kwenye kapu langu, anatafuna michembe, konzi kwa konzi.

Waamuzi walimruhusu Maganga afungue mchezo kwa Tabora. Akaomba mpira wa kwanza upande wa pili asisimame mtu yeyote. Dokta Kirit alirusha polepole. Maganga akaugonga kwa gongo la Shomari, akatazama ule upande mtupu, akaitikia kwa sauti kubwa, "Nakuja!" Akakimbia. Alipofika katikati akasimama, akageuka, akainua mikono. Dokta Kirit hakujua afanye nini, ikabidi Bi Mwajuma ampigie kelele, "Mtoe!" Naye akavipiga vijiti kwa mpira.

"Mnaona?" Maganga akalia. "Kanitoa tena!"

Kurudi

Tulipoagana Tabora Maganga aliahidi kumpigia Bi Mwajuma simu kila Ijumaa amtukane, na hicho ndicho kicheko mnachoniuliza. Njia ya kurudi haikuwa na jipya. Mkanda wa mpira wa tairi ulishika mpaka Dodoma. Bi Mwajuma alilala njia nzima na mdomo wazi, na Manyoni hakumpa mtu paja lake.

Stesheni ya Dar tulimkuta yule mlinzi mwenye mwanya. Akamtambua mama, akatazama mikono yake mitupu.

"Mama, lile gongo liko wapi?"

"Kaniibia Mnyamwezi."

Kijana akakunja uso. "Tukafungue kesi? Polisi wapo hapo tu."

"Thubutu!" Bi Mwajuma akasema. "Mkimfunga yule, siku nikifa nani atakuja kunitukana?"